Bitiruti, vitamini na ripoti ya mwaka 2007: kisa cha Akademia ya Sayansi ya Afrika Kusini

Agosti 2006, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulifanyika Toronto, Kanada. Wajumbe waliopita kwenye banda la Afrika Kusini walikuta mezani vitunguu saumu, malimau na bitiruti. Wizara ya afya ya nchi hiyo ilikuwa ikivinadi vyakula hivyo kwa miaka kadhaa kama kinga ya mwili kwa mwenye VVU. Mwaka huohuo, vipimo vya wajawazito katika kliniki za serikali nchini humo vilionyesha kwamba asilimia 29.1 walikuwa na virusi. Watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wakiishi navyo.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2007, Akademia ya Sayansi ya Afrika Kusini, inayojulikana kwa kifupi kama ASSAf, ilitoa ripoti nene kuhusu lishe, VVU na kifua kikuu. Kiini chake kilikuwa wazi. Chakula bora ni muhimu kwa afya ya kila mtu, lakini hakuna chakula wala kirutubisho chochote ambacho utafiti wa kuaminika umeonyesha kuwa kinaweza kuchukua nafasi ya dawa.

Watu wakiuliza akademia ya taifa ni ya kazi gani, mara nyingi wanajibiwa kwa orodha ya maprofesa wenye heshima, mikutano ya mwaka na medali. Mimi huwa nawaelekeza kwenye kisa hiki. Kinaonyesha kazi ambayo chuo kikuu, wizara, mahakama na chama cha wagonjwa kila kimoja kilishindwa kuifanya peke yake, na kinaonyesha pia gharama ya kuifanya kwa kuchelewa.

Jinsi mzozo ulivyofika mezani

Thabo Mbeki aliapishwa kuwa rais Juni 1999. Mnamo Oktoba mwaka huo alisimama bungeni akasema AZT, moja ya dawa za VVU, ina sumu inayohatarisha maisha. Mei 2000 akaitisha jopo la ushauri mjini Pretoria, ambamo wanasayansi wa kawaida waliketi pamoja na watu waliokanusha kwamba VVU husababisha UKIMWI, akiwemo Peter Duesberg wa Marekani. Julai 2000, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulipofanyika Durban, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini tamko lililosema ushahidi kwamba VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI haupingiki. Serikali haikubadili msimamo.

Ni rahisi leo kuwacheka waliokuwa serikalini, na sidhani kama kucheka kunasaidia kuelewa. Hoja ya chakula ilikuwa na mizizi. Mwaka 2000 dozi ya dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) ya mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa bei ya makampuni makubwa. Makampuni 39 ya dawa yalikuwa yameishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria iliyolenga kushusha bei, na hayakuiondoa kesi hadi Aprili 2001. Nchi ilikuwa imetoka kwenye ubaguzi wa rangi miaka michache tu nyuma, na serikali iliyokuwa ikijua jinsi wataalamu walivyotumika kuutetea utawala ule haikuwa tayari kuamini kila kilichosemwa kwa jina la sayansi. Halafu kuna njaa yenyewe. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekonda, asiye na chakula nyumbani, anahitaji kula. Muuguzi yeyote analijua hilo bila kusoma utafiti.

Waziri wa afya, Dk. Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa daktari. Alisomea udaktari Leningrad, kisha akaja Dar es Salaam kusomea ukunga na magonjwa ya wanawake, akamaliza 1972. Kwa hiyo aliyekuwa akiwatajia wagonjwa bitiruti, limau, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni alikuwa mtu aliyewahi kuzalisha wanawake hospitalini. Maneno yake yalikuwa na uzito kwa sababu hiyo.

Wanaharakati wa Treatment Action Campaign walikwenda mahakamani kudai dawa ya nevirapine kwa wajawazito ili wasiwaambukize watoto wao, dawa ambayo mtengenezaji alikuwa ameahidi kuitoa bure kwa miaka mitano. Walishinda Mahakama Kuu ya Pretoria Desemba 2001, na Mahakama ya Katiba ikathibitisha ushindi huo Julai 2002. Novemba 2003 baraza la mawaziri lilipitisha mpango wa kutoa ARV hospitalini. Dawa zikaanza kutoka, polepole. Lakini ujumbe wa lishe haukunyamaza. Ulibadilika tu sura: sasa mgonjwa aliambiwa ana hiari, achague dawa au achague chakula na vitamini.

Mahakama inaweza kuamuru dawa itolewe, lakini haina namna ya kumweleza mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la kliniki vitamini zinafanya nini mwilini mwake na hazifanyi nini.

Utafiti wa Dar es Salaam, uliosomwa nusunusu

Hapa ndipo kisa kinapotugusa moja kwa moja.

Mwaka 1995 watafiti wa chuo cha tiba cha Muhimbili na wenzao wa Harvard walianza kuwaandikisha wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Walifika 1,078. Wakati huo ARV hazikuwa zinapatikana kwa wanawake wengi wa Tanzania, na swali lilikuwa la dhati: je, vitamini, ambazo ni nafuu, zinaweza kusaidia chochote? Wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Wengine walipewa vitamini za kundi B, pamoja na C na E. Wengine vitamini A. Wengine zote mbili. Wengine vidonge visivyo na kitu.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa 1998. Waliopata vitamini za B, C na E walipoteza mimba na watoto tumboni kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wenzao: vifo 30 vya watoto tumboni dhidi ya 49. Watoto wenye uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Mwaka 2004 yakatoka matokeo ya afya ya kina mama wenyewe. Kati ya 271 waliopata vitamini hizo, 67 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 267 waliopata vidonge vitupu, walikuwa 83. Kwa asilimia, ni 24.7 dhidi ya 31.1.

Hizo ni habari njema, na zilistahili kutangazwa. Lakini ziangalie tena. Hata waliopata vitamini, karibu mmoja kati ya wanne alifariki au alifikia UKIMWI kamili. Vitamini zilipunguza kasi ya ugonjwa, hazikuuzuia. Na upande wa vitamini A kulikuwa na jambo la kutisha zaidi: matokeo yaliyochapishwa 2002 yalionyesha kwamba iliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto kwa takriban asilimia 38. Kidonge kilichoandikwa "vitamini" kingeweza kumsaidia mama, na kingine chenye jina hilohilo kingeweza kumdhuru mtoto wake.

Daktari wa Kijerumani Matthias Rath, mfanyabiashara wa vitamini, aliichukua nusu moja ya utafiti huu. Aliweka matangazo magazetini yaliyozinadi vitamini na kuzishambulia ARV kuwa ni sumu, akitumia matokeo ya Dar es Salaam kama ushahidi, na watu wake wakagawa vidonge katika vitongoji vya Cape Town, hasa Khayelitsha. Mwaka 2005 watafiti wa Harvard walitoa tamko la kumkana. Walisema matokeo yao yamepotoshwa, na kwamba vitamini si mbadala wa ARV. Mahakama Kuu ya Cape Town ilikuja kuyatangaza majaribio ya Rath kuwa kinyume cha sheria Juni 2008.

Angalia hali ilivyokuwa mwaka 2005 na 2006. Serikali ilikuwa na kipande cha ukweli: lishe ni muhimu. Rath alikuwa na kipande: utafiti wa Dar es Salaam ni wa kweli. Wanaharakati walikuwa na kipande kikubwa kuliko vyote: ARV zinaokoa maisha. Na baadhi yao, kwa hasira ya haki kabisa, walikuwa wameanza kuona aibu kutaja chakula, kwa sababu kila aliyetaja chakula alionekana yuko upande wa waziri. Mgonjwa mwenye njaa akapotea katikati ya mabishano.

Jopo na namna lilivyofanya kazi

ASSAf ilizinduliwa 1996, Nelson Mandela akiwa mlezi wake. Tofauti na vyama vya kitaaluma vya zamani nchini humo, ilikusudiwa kuwa ya fani zote na ya Waafrika Kusini wote. Bunge liliipa sheria yake, Na. 67 ya 2001, iliyoanza kutumika 2002. Hiyo ndiyo akademia pekee ya sayansi nchini humo inayotambuliwa na serikali kwa sheria. Inapata ruzuku ya umma, lakini wanachama huchaguliwa na wanachama wenzao, wala waziri hana kura.

Kwa utafiti kama huu, baraza la Akademia huunda jopo la wataalamu. Wanajopo hujitolea bila mshahara na hueleza wazi maslahi yao kabla ya kuanza: nani amefadhiliwa na kampuni ya dawa, nani anauza virutubisho, nani ameshauri wizara. Wanakusanya tafiti zilizochapishwa, wanazipima moja moja kwa ubora, wanaandika. Rasimu inapelekwa kwa wasomaji wengine wasiokuwa kwenye jopo, ambao kazi yao ni kuitafutia makosa. Kila hoja ya wasomaji hao inapaswa kujibiwa. Mwisho baraza linaipitisha au linairudisha. Ni kazi ya polepole, na haina mvuto wa jukwaani. Lakini ndiyo inayofanya maandishi yanayotoka yawe ya Akademia, yasiwe ya profesa fulani anayeweza kutukanwa kwa jina lake kesho yake.

Jopo la lishe liliongozwa na Profesa Barry Mendelow wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Waliketi wataalamu wa kinga ya mwili, lishe na magonjwa ya kuambukiza. Naona uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa wa namna ya kuuliza swali. Wangeweza kuuliza kama waziri amekosea. Ripoti ingeandikwa kwa wiki mbili, ingepigiwa makofi na magazeti, na serikali ingeitupa kapuni. Badala yake waliuliza lishe ina athari gani kwa kinga ya mwili wa binadamu, na hasa kwa mwenye VVU au kifua kikuu hai. Swali hilo liliwalazimu kusoma kila kitu, pamoja na vile vilivyompendeza waziri.

Walichokuta ni kwamba eneo hilo lilikuwa na maoni mengi na ushahidi mdogo. Majaribio makubwa, yenye makundi yanayolinganishwa ipasavyo, yalikuwa machache, na lile la Dar es Salaam lilikuwa miongoni mwa machache hayo. Kuhusu kitunguu saumu na bitiruti kama tiba ya VVU, hakukuwa na kitu cha kusimamia. Ripoti ikasema bila kuficha kwamba lishe pekee haiwezi kulizuia janga la VVU wala la kifua kikuu. Ikasema pia kwamba mgonjwa aliye kwenye dawa anahitaji kula vizuri, kwamba utapiamlo wa wananchi ni tatizo linalopaswa kushughulikiwa kwa uzito wake, na kwamba utafiti bora zaidi unahitajika.

Waliichukua hoja ya lishe kutoka mikononi mwa walioitumia vibaya, wakairudisha mahali pake, kando ya dawa. Mwanaharakati aliweza tena kudai chakula kwa ajili ya wagonjwa bila kuonekana msaliti. Daktari wa wilaya aliyekuwa akibanwa na mwongozo wa wizara huku na gazeti kule alipata maandishi ya taasisi iliyoundwa kwa sheria ya bunge lake mwenyewe. Upande wa serikali, ilikuwa vigumu sana kuipachika ripoti hii jina la njama za nje. Iliandikwa na wanasayansi wa Afrika Kusini, kuhusu wagonjwa wa Afrika Kusini, na haikumtukana mtu.

Kuchelewa

Sasa upande mchungu. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard, wakiongozwa na Pride Chigwedere, walikadiria kwamba kuchelewesha ARV na mpango wa kuwakinga watoto kuliigharimu Afrika Kusini maisha ya watu zaidi ya 330,000 kati ya 2000 na 2005, na watoto 35,000 walizaliwa na maambukizi ambayo yangeweza kuzuiwa. Ripoti ya Akademia ilitoka 2007. Haikumwokoa hata mmoja wa hao.

Kwa nini ilichelewa? Nguvu ya kisheria ilikuja 2002. Ujuzi wa kuendesha tafiti za jopo ulikuwa haujajengeka. Taasisi ikiwa na wanachama mashuhuri bila sekretarieti ya kudumu, hakuna anayeitisha kikao, anayekusanya makabrasha wala anayewafuata wasomaji wa rasimu. Mwaka 2004 akademia za Marekani zilianzisha mpango wa miaka kumi wa kuzijenga akademia za Afrika kwa dola milioni 20 za Taasisi ya Bill na Melinda Gates. Afrika Kusini, Nigeria na Uganda ndizo zilizopewa kipaumbele. Mpango ulilenga hasa hicho: watumishi, taratibu, mazoea ya kuandika ripoti zinazosomwa na watunga sera. Sina shaka fedha hizo zilisaidia. Lakini inasikitisha kwamba nchi yenye uchumi mkubwa kiasi kile ilihitaji fedha za nje kujenga uwezo wa kujiambia ukweli.

Wala Akademia haikubadili sera peke yake, na anayesema hivyo anawanyang'anya haki yao watu waliosimama barabarani na mahakamani. Septemba 2008 Mbeki aliondoka madarakani na Barbara Hogan akateuliwa waziri wa afya. Hapo ndipo lugha ya serikali ilipobadilika. Mwaka 2009 akafuata Dk. Aaron Motsoaledi, na leo Afrika Kusini ina mpango mkubwa kuliko yote duniani wa kutoa ARV, wenye watu zaidi ya milioni 5. Mchango wa Akademia ni kwamba mawaziri hao wapya walipoingia ofisini, swali la lishe lilikuwa limeshafungwa kwa maandishi. Hawakulazimika kulianza upya.

Kwetu

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni ya magari yenye urefu wa kilomita nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mmea cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Viongozi wakubwa nao walikwenda. Madaktari waliripoti wagonjwa walioacha ARV baada ya kunywa. Watu walienda kwa sababu walikuwa wanaumwa na walikuwa na matumaini, na siwalaumu. Ninachouliza ni nani, siku zile, alikuwa na mamlaka ya kukaa chini, kukusanya ushahidi wote kuhusu mmea ule na kuhusu kuacha dawa, na kuuleta hadharani kwa jina ambalo halikuwa la serikali, la kanisa wala la kampuni. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina wataalamu, lakini ni chombo cha serikali, na waziri akishakunywa kikombe, kazi ya taasisi iliyo chini yake inakuwa ngumu.

Akademia ya Sayansi Tanzania iliundwa 2004. Ya Uganda mwaka 2000. Ya Kenya ni kongwe kuliko zote mbili. Zote zina watu wenye uwezo. Zinachohitaji ni vile vilivyoisaidia ASSAf: sheria inayolinda uhuru wao, ruzuku ya umma isiyokatwa kwa sababu ya ripoti isiyopendeza, sekretarieti ya kudumu, na haki ya kujichagulia maswali bila kusubiri barua ya katibu mkuu. Haki hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zaidi. Akademia inayojibu tu inapoulizwa haitaulizwa swali gumu hata siku moja.

Kuna swali linaloisubiri akademia yetu tayari. Baada ya ARV kuenea, watafiti walirudi kwa wagonjwa wa Dar es Salaam na kulinganisha vitamini za dozi kubwa na za dozi ya kawaida kwa watu 3,418 walioanza dawa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2011, kwa sababu dozi kubwa iliongeza dalili za ini kuathirika. Matokeo yalipochapishwa 2012 yalionyesha kwamba haikupunguza vifo wala kasi ya ugonjwa. Bado vidonge vya aina hiyo vinauzwa madukani na kwenye simu zetu kwa ahadi kubwa, sambamba na dawa za miti zinazonywewa pamoja na ARV. Jopo la watu kumi, miezi kumi na minane, na toleo fupi la Kiswahili la kurasa chache linaloweza kubandikwa kwenye ukuta wa kliniki: kazi hiyo inawezekana kuanza kwenye bajeti ijayo, na wagonjwa waliopatikana kwa ajili ya ushahidi huo walikuwa wetu.